Chupa ya Mafuta ya Nazi

Dadi Mchilima, uliingia karakana yangu pale Chikongola
ukaacha mlango wa gari wazi, kama mtu aliyeazima miguu.
Subaru ya bluu, tabo chini ya boneti,
vumbi la Nanyamba bado liko puani.
Ulitaka oili. Nzito, ulisema. Ile ishirini-hamsini,
dumu la njano: "Nzito ndiyo inashika injini, Fundi Somoe."
Lakini rafiki yako wa Dar alikwambia nyepesi, nyepesi kama maji,
ndivyo Wajapani walivyoandika kwenye kizibo.
Huyu anakuvuta huku, yule kule,
na katikati injini inagonga.

Sikukujibu. Nilikwambia ukae kwenye tairi.

Mama yangu alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi,
kizibo chake kipande cha gunzi.
Hapa Mtwara, dirishani, yalitiririka mwaka mzima,
ukiinamisha tu yamejaa kiganja.
Tukipanda Newala kwa bibi, mwezi wa saba,
yaliganda usiku, meupe kama mshumaa,
na asubuhi mama aliyachokonoa kwa chelewa
nywele zangu zimesimama, zinangoja.
Chupa ile ile. Mafuta yale yale.
Nilijua mnato kabla sijalijua neno lake.

Basi namba ya kwanza, ile yenye dabliu,
inasema habari za alfajiri:
injini imelala, imepoa,
oili itapanda upesi kiasi gani hadi kwenye tabo,
kwenye kile kijishafti kinachozunguka
mara laki na ushee kwa dakika
kikielea juu ya utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Ya pili inasema habari za saa nane mchana,
mguu wako umelalia pedali, lami inameremeta,
oili imechemka
na bado inatakiwa isimame kati ya chuma na chuma.
Nyepesi mno, vyuma vinakutana.
Nzito mno, alfajiri ya Newala ni uji uliolala:
unaisukuma, haiendi.

Nikakuuliza, limetembea kilomita ngapi?
"Laki moja na tisini."
Linalala wapi?
"Newala. Siku tatu kwa wiki, nne."
Newala kuna nini?
Ukazitazama spana zangu ukutani, moja moja.
"Mzee yuko wodini. Wakipiga simu usiku natoka hapo hapo."
Na ukifika?
"Nazima, nakimbia."

Nilivuta kijiti nikakinusa.
Kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Ukizima ghafla, Dadi, tabo bado inawaka nyekundu,
oili iliyobaki ndani inakaangwa, inageuka masizi.
Hakuna dumu la kutibu hilo, la njano wala la dhahabu.

Nikakuwekea tano-arobaini, lita nne na kidogo,
bei ya nusu gunia la korosho. Hukupunguza hata mia.
Chujio nalo nikabadili.
Nikasema: ikiwaka, usiikimbize kabla haijaamka.
Ukifika, iache ingurume dakika moja, ndipo uzime.
"Dakika moja," ulisema, "dakika moja ni nyingi, Fundi.
Hujui tu."
Nilifuta mikono. Kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono.

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita.

Leo gari limeingia polepole, bila honi.
Nimelisikia tangu kwenye kona ya mashine ya kusaga,
haligongi tena, linapumua vizuri.
Limesimama mlangoni na wewe hujashuka.
Mikono iko kwenye usukani.
Kiti cha pembeni kimelazwa fimbo ya kutembelea,
umeifunga mkanda.

Injini inanguruma chini chini.
Nimetazama saa ya ukutani: dakika imepita.
Ya pili nayo.
Sijakuita.